Kiboko cha Mtani

"Mwanaheri, mbona siku hizi mwanao anakula amesimama?" jirani alimwuliza.

Mwanaheri aliijua sababu. Shule ya Mdachi ilikuwa viboko kila siku, na sasa kijana ameapa kutorokea milimani.

Akaenda darasani. Mwalimu alikuwa na kiboko mkononi, cheusi, kinachong'aa kwa mafuta kuliko uso wa bibi harusi.

"Shikamoo, mama. Kama umekuja kulia, rudi. Sisi Wanyamwezi hatubembelezi watoto."

"Mnyamwezi? Alhamdulillahi! Mie Mluguru, mtani wako! Ndiyo maana una miguu ya mpagazi!"

Mtani akikuchukulia kitu, kununa ni aibu. Mwanaheri akamnyang'anya kiboko, akakifutika kwenye kaniki.

"Mtani, hicho cha serikali!" alisema mwalimu, akijilazimisha kucheka mbele ya darasa zima.

Mwanaheri akatoka nacho.