Isale Mlangoni

Asubuhi Flavia alikuta jani la isale limefungwa fundo kwenye komeo la mlango wake.

Akacheka peke yake. Huku Kirua, aliyekukosea akikuletea isale anaomba msamaha, na isale haikataliwi. Ukiipokea, umesamehe.

"Melkior huyo!" alimwambia mumewe. "Kaniibia maji wee, mpaka roho imemsuta."

Mfereji wa kihambani kwao, kwenye shamba la nyumbani, ulikuwa umebaki tope. Migomba ilinyauka, ng'ombe alikaukiwa maziwa. Na kila alfajiri mzee Melkior, jirani wa juu, alipanda mlimani na jembe, akarudi na matope hadi magotini. Ukimuuliza, anajibu, "Natembeatembea tu." Nani hutembea na jembe?

Ebenezeri alikuwa ameketi kwenye kitanda kipya, akifunga viatu. Tangu kahawa ianguke bei, ni hicho tu kilichoingia nyumbani kikiwa kipya. Mbao zake, alisema, alizipata Moshi mjini kwa rafiki. Kwa mbao hizo chumba kizima kilinukia dawa ya kuchua kifua.

"Ipokee, mama Kindness," alisema bila kuinua uso. "Ya nini kuulizana? Sema umesamehe, yaishe."

"Haya. Aliyefunga isale hii, nimemsamehe."

Ebenezeri alishusha pumzi.

Lakini msamaha haunyweshi ng'ombe. Flavia alifuata mfereji mpaka kwenye chemchemi, akitafuta mahali mzee alipoyageuza maji. Hakuona. Alimkuta Melkior mwenyewe amechuchumaa, anachimba mashimo katikati ya visiki vikubwa.

"Shikamoo, mzee. Unamchimbia kaburi ng'ombe wangu?"

"Marahaba. Napanda miti, mwanangu."

"Isale yako nimeipokea. Sasa nifungulie maji."

"Isale?" Melkior aliweka mche chini. "Mimi nimekukosea nini? Maji yamekufa hapahapa, siku walipoangusha miti hii. Labda yatarudi, wajukuu zangu wakiwa wazee."

"Mbona ulikuwa unaficha?"

"Nikisema, hao waliokata si watakuja kung'oa?"

"Ni akina nani?"

"Ningewajua, ningewapelekea jembe waje wapande."

Flavia alijiegemeza kwenye kisiki kibichi, unga wa msumeno ukamganda mkononi. Alipoinua kiganja kujifuta uso, akasikia harufu ya kitanda chake.