Mbwa wa Ghorofa ya Tano

"Haya, mfungulie," mzee alisema, kisha akalala chini.

Hakukaa, alilala. Ubavu mmoja kwenye saruji, mkono umebanwa chini ya mwili, shavu sakafuni, macho ameyafumba. Sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu, na shati alilolipiga pasi mwenyewe asubuhi likaanza kulowa.

"Baba, jamani," binti yake alisema. "Inuka. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie. Macho ni yao."

Mwanamke aliyekuwa akilea mbwa waliotelekezwa katika kituo kile, ambaye kila mtu alimwita Mama Mbwa na wala hakuchukia, alishika kiuno akacheka. "Mwache, dada. Anapima upole wao. Wanaowachukulia wajukuu mbwa wana vituko zaidi ya hivyo."

Binti aliyakubali maelezo hayo kwa sababu hakuwa na nguvu ya kutafuta mengine. Tangu wamzike mama yake, miezi mitatu iliyopita, alikuwa amekufa ganzi. Hakulia makaburini, hakulia walipogawa nguo za marehemu. Alifanya kila lililotakiwa kufanywa, basi. Leo lililotakiwa lilikuwa mbwa. Alikuja kumtazama baba kwa siku chache, kesho alikuwa anarudi kazini, mji wa mbali, na baba alikataa katakata kuhamia kwake. "Nije kwako nifanye nini, nihesabu vigae?" Na kumwacha tena peke yake kule ghorofa ya tano, hapana, hilo hakuliweza. Kwa hiyo mbwa apatikane, na apatikane leo.

Mbwa wa kwanza alikuwa mnene, miguu mifupi, mtu mzima mwenye heshima zake. Alimnusa mzee, akajibwaga pembeni yake, akamwekea kidevu begani, akasinzia.

"Umeona!" Mama Mbwa alisema. "Habweki, hatafuni viatu, hapandi makochi. Kwa nyumba ya ghorofa utampata wapi mwingine kama huyu? Majirani hawatajua hata kama una mbwa."

"Ndiyo ubaya wake huo," mzee alisema bila kufumbua macho. "Mwondoe."

Wa pili, mweupe wa manyoya mengi, alimlamba uso mzima.

"Amekupenda, baba."

"Nimeshapendwa sana mimi. Mwingine."

Wa tatu alinusa mfuko wa suruali, akakuta hakuna kitu, akaenda zake. Mzee akasema huyo hamhitaji, ndugu wa namna hiyo anao tayari.

"Mzee wangu," Mama Mbwa alisema, "hapa unachagua mbwa au unachagua mkwe?"

Binti alisimama na mkoba wake begani, akisubiri. Alikuwa anatazama kidonda kwenye kiwiko cha baba, kilichoanza kukauka. Alipomuuliza juzi, aliambiwa ni mlango. Alipouliza kwa nini masufuria yote yameshushwa kabatini na kupangwa chini, aliambiwa yako karibu. Kila Jumapili alikuwa akimpigia simu, na hata siku moja baba hakulalamika. Jumapili iliyopita mazungumzo yalikuwa mafupi, kwake kulikuwa na wageni. "Nenda kawahudumie, mama," baba alisema. "Mimi sina neno."

Mbwa mmoja alikuwa akibweka banda la mwisho tangu wafike.

"Na yule?" mzee aliuliza.

Mama Mbwa alikunja uso. "Yule achana naye. Domo hilo! Anachukuliwa, anarudishwa. Anachukuliwa, anarudishwa. Mara ya mwisho jengo zima lilikaribia kuhama. Namtafutia mwenye shamba."

"Mlete."

Mzee, aliyekuwa amejiinua kwa kiwiko kumtazama, akalala tena, vilevile. Binti aliona jinsi alivyouingiza mkono chini ya mwili taratibu, akahakikisha umekaa pake, ndipo akashusha kichwa.

Mbwa alikuwa wa rangi ya vumbi, sikio moja limechanika. Alimnusa mzee mdomoni. Akamsukuma bega kwa pua. Mzee hakutikisika. Basi mbwa akaruka nyuma, akaanza. Alibweka, akakimbilia mlangoni, akarudi, akauvuta mkono wa shati kwa meno, akakimbilia mlangoni tena, kelele hazisemeki. Karani akatoka ofisini na kalamu mkononi. Mfagizi akaja na ufagio wake. Hata dereva wa gari la maziwa, aliyekuwa akijipitia zake barabarani, alisimama akachungulia getini, akauliza kuna nini, nani kaumia.

Mzee akafumbua jicho moja, akawatazama wote waliokuja.

"Huyu," alisema.

Kuinuka kulimchukua muda. Mfagizi na dereva walimshika makwapani, mmoja huku na mwingine huku, naye akawashukuru sana, zaidi ya ilivyohitajika.

"Baba, hapana." Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, sauti ya binti ilipanda. "Hapana! Unakaa ghorofani. Kuta zenyewe nyembamba, ukikohoa jirani anakupa pole. Huyu akianza hivi watakugongea mlango usiku na mchana."

"Nataka wagonge."

"Wagonge ili iweje?"

Mzee alikuwa akimfunga mbwa kamba shingoni. Hakuwa na hasira wala kinyongo. Alikaza fundo, akalijaribu kama limeshika.

"Jumapili uliponipigia, mwanangu," alisema, "nilikuwa chini jikoni tangu asubuhi."