Sharti la Mwisho

Daktari alifunga mlango kwanza, ndipo akavuta kiti. Waombaji wengine wote wa chuo asubuhi ile walikuwa wamegongewa muhuri dirishani na kuondoka wakicheka. Sista peke yake aliambiwa aingie ndani.

"Umekuja na mtu?" daktari aliuliza. Alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni.

"Na mdogo wangu. Yuko nje."

"Mwite basi, mkae pamoja."

"Hapana, daktari. Niambie mimi tu."

Nyumbani walimwita Sista tangu utotoni, kwa sababu alikuwa akiwafunga bandeji wanasesere wake, na hata paka wa jirani ambaye hakuwa na jeraha lolote. Mdogo wake wa kike wakamwita Chuma, maana hakujua hata mafua yanafananaje. Walifuatana kuzaliwa, na mama yao akiwa na haraka aliwachanganya majina. Chuma alibeba magunia ya unga katika kiwanda cha mikate. Siku hizi alianza kupumzika katikati ya ngazi, na akitaniwa hujibu kwamba magunia ndiyo yameongezeka uzito, yeye yuko vilevile.

Shahada ya uuguzi katika chuo kile ilikuwa na masharti kama ya mganga. Walitaka ufaulu wa bayolojia, fizikia na kemia. Kemia ilimtoa jasho Sista, akairudia mpaka ikakubali. Walitaka barua ya tabia njema, akaipata. Walitaka chanjo ya homa ya ini, akachomwa. Kwenye usaili mwalimu mmoja alimuuliza kama anaogopa damu, akajibu kwamba anaogopa zaidi fizikia, na wote wakacheka. Likabaki sharti la mwisho: afya njema, na picha ya kifua ya kuithibitisha.

Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Akiwa mtoto aliugua kifua kikuu, akameza dawa mpaka akapona kabisa, lakini ugonjwa ukamwachia kovu kwenye pafu la kulia. Mwaka jana chuo kingine kilimrudisha kwa sababu ya kovu hilohilo. Alieleza, akabembeleza, hakuna aliyemsikiliza. Alirudi nyumbani akalala amegeukia ukuta, hali wala hasemi. Chuma ndiye aliyemwinua, akamnywesha chai kwa nguvu, akamwapia kwamba atakuwa muuguzi atake asitake.

Safari hii hawakutaka kubahatisha. Kwenye fomu, palipoulizwa kama mwombaji amewahi kuugua kifua, palijazwa hapana. Siku ya picha nayo ilipita salama: jina likaitwa, likaitikiwa, blauzi ikavuliwa, pumzi ikabanwa, mashine ikalia, basi. Walirudi nyumbani wote wawili wakicheka njia nzima.

Sasa daktari alibandika picha ile kwenye kioo chenye taa.

"Kuna kitu kwenye pafu lako, mwanangu."

Njia ya mwongo ni fupi. Maneno ya mwaka jana yalimtoka Sista yenyewe kabla hajayafikiri: kwamba ni kovu tu, kwamba alitibiwa zamani akapona, kwamba anaomba radhi kwa kulificha.

Daktari alivaa miwani, akaisogelea picha. "Kovu? Upande gani?"

"Wa kulia."

"Kulia ni safi kabisa. Ninachokiona mimi kiko kushoto, na si kovu. Niliwaita wenzangu tukaitazama pamoja. Ni uvimbe, mwanangu, tena mkubwa. Umeshaingia kwenye mbavu. Huchoki ovyo siku hizi? Hujakonda?"

Sista aliikazia macho ile picha.

"Sketi imebidi itiwe pini," alisema kwa sauti ndogo.

Daktari aliitupia jicho sketi yake, iliyomkaa sawasawa. Labda alidhani ni mshtuko; wagonjwa husema mengi wakiwa kwenye kiti kile. Aliendelea kueleza taratibu, kwa upole wa mtu aliyekwisha kutoa habari kama hizo mara nyingi na bado hajazizoea. Vipimo vingine vitafanywa hospitali kuu, lakini hakutaka kumdanganya: wamechelewa. Huko watajitahidi kupunguza maumivu yatakapoanza. Habari ya chuo aiweke kando, kwa kuwa chuo hakitaweza kumpokea, na nguvu alizobakiwa nazo ni bora azitumie kukaa na watu wake.

"Na kama picha hii ingepigwa mwaka jana?" Sista aliuliza.

"Mwaka jana, pengine," daktari alisema, akazima taa ya kioo.

Uchungu ulimkamata kwenye korido. Aliegemea ukuta akalia kimyakimya, huku waombaji wengine wakimpita na karatasi zao mkononi wakidhani wanajua kilichomliza. Kisha akajifuta uso kwa kiganja na kutoka.

Chuma alikuwa amekaa kwenye ngazi za jengo. Alipomwona aliinuka taratibu, akishikilia chuma cha ukingo, na tabasamu lake likafifia.

"Mbona macho mekundu? Usiniambie wamekukataa tena."

Sista alitikisa kichwa.

"Haiwezekani," Chuma alisema, akajipiga kifuani kwa ngumi. "Mimi jina lako nililiitika vizuri, blauzi yako nikaivua, pumzi nikaibana mpaka waliponiambia basi. Kifua kizima kama hiki, wamekikataa kwa lipi?"