Nyama ya Siku Ile

Siwema alirudi kwenye kiwanda cha soseji baada ya upasuaji, mkono wake wa kulia umebaki na vidole vitatu. Msimamizi wake, Kitwana, alimpokea kwa bashasha, akampeleka hadi kwenye mashine ya kusagia nyama iliyomkata.

"Pole sana, dada. Karibu tena kazini."

"Nyama iliyokuwamo siku ile mliitupa wapi?"

Kitwana aliangalia pembeni. "Wateja walikuwa wanasubiri, dada. Tungefanyaje?"

Siwema alivua aproni, akaidondosha sakafuni na kutoka nje. Kwenye dirisha la duka la kiwanda watu walikuwa wamepanga foleni. Mama mmoja alikuwa akimmegea mwanawe soseji ya moto. Siwema akamwendea.