Mtoto wa Runinga

Sheria inataka mtoto wako afanye anachofanya mtoto wa kwenye runinga, wiki hiyohiyo. Juzi Nuhu wa runinga alisimama dede. Shamimu wangu bado anatambaa.

"Mwenzie kasimama!" mavyaa alinifokea mbele ya mkaguzi aliyekuja kumpima mtoto. "Hayo maziwa yako yana usingizi?" Akamsimamisha mwanangu, akamwachia. Mtoto akaanguka, akalia.

Nilimwokota, nikambana kifuani. Kipindi kile nakitazama kwa makini kila siku, kwa hiyo nikasema, "Mama, Nuhu wa mwanzo alikuwa na alama nyeusi chini ya sikio. Huyu aliyesimama hana. Wamembadilisha."

Mkaguzi akarudisha picha nyuma kwenye runinga, akalinganisha masikio ya watoto wote wawili. "Ni kweli," akasema. "Si yeye."

Nikashusha pumzi. Nilidhani nimemwokoa mwanangu.

Mavyaa akacheka, na tangu niolewe sijawahi kumwona akicheka.

"Siku zote hizo ulinyamazia nini, mke wa mwanangu? Kumbe kubadilisha kunaruhusiwa!"

Mkaguzi akainuka, akaninyooshea mikono.

"Nipe huyo, dada. Jumatatu nitakuletea anayesimama."