Kwale na Upande wa Kulia

Jumamosi, saa kumi na moja na dakika tano jioni, timu ya Nyumbu ilifungwa na Nyani bao la tatu. Kwale, shabiki wao asiyekosa mechi, akashindwa kuvumilia. Akaruka hadi kwenye benchi la kocha, Mzee Nungunungu.

"Shikamoo, kocha, lakini leo nitasema! Mechi ya tano hii tunapigwa. Upande wa kulia uko wazi, hata mimi ningefunga, na vijana wako hawapiti huko kabisa!"

"Marahaba, binti. Huko hatupiti."

"Basi jiuzulu!"

Nahodha wa Nyumbu alikuwa karibu, akaingilia. "Dada Kwale, kwani mayai yako umeyataga wapi?"

Kwale akashtuka. Hakuwa amemwambia yeyote. "Kwenye nyasi za kulia. Lakini nilipima! Yako hatua nne kamili nje ya mstari."

"Hatua zako wewe," Nungunungu alisema kwa upole. "Nyumbu akishika kasi, mstari haumsimamishi. Niliyaona nikikagua uwanja, nikawaambia vijana, afadhali tufungwe."

Kwale akainamisha kichwa. Wiki tatu nzima alikuwa akimzomea mlinzi wa watoto wake.

"Asante, kocha," alisema, na sauti iliyozoea kuvuka uwanja ilisikika kwa shida.

Alfajiri mayai yote yakaanguliwa. Asubuhi hiyo Kwale aliongoza vifaranga saba hadi mazoezini, akawapanga nyuma ya benchi la kocha, akawahesabu mara mbili, kisha akapaza sauti yake ile ile:

"Haya, piteni kulia! Sasa kuko wazi!"