Utulivu wa Hhando

Saa saba mchana, Julai 1984, kombaini zote zilikuwa zimezimwa na Hhando alikuwa bado anatafuna tonge lake la kwanza.

Isidori alimtazama akiwa amesimama, mgongo kwenye tairi la lori, mkononi kikombe cha chai ya rangi. Sahani yake ya ugali na maharage ilikuwa juu ya boneti, haijaguswa. Kila Hhando alipomeza, Isidori alisikia moto ukipanda kutoka chini ya kifua hadi kooni.

Shamba lile la ngano la serikali, upande wa Hanang, lilikuwa na vikosi viwili vya mavuno. Isidori aliongoza kimoja, Hhando kingine. Mkuu wa mavuno, mtaalamu mgeni, angeondoka msimu ukiisha, na meneja alikuwa ametamka mbele ya wafanyakazi wote kwamba mmoja wa hao wawili ndiye atakayeshika nafasi yake. Hakusema ni nani. Tangu siku hiyo Isidori alikuwa anatafuta dalili, na anayetafuta dalili hakosi kuziona.

Msimu uliopita Hhando alikula kama mtu anayefukuzwa. Sasa alikaa chini, akanyoosha miguu, akatafuna. Alipomaliza alikunywa maziwa kutoka kwenye chupa ya chai, akafunga mikono nyuma, akaenda kutembea polepole kando ya ngano kama mwenye shamba.

"Karibu sigara," Isidori alimwambia aliporudi, ili aone tu.

"Nimeacha."

"Wewe? Tangu lini?"

"Nimeona niwaachie nyinyi wenye nguvu."

Hhando akatabasamu kidogo. Isidori alilifikiria tabasamu lile mpaka jua likazama. Mtu haachi sigara katikati ya mavuno isipokuwa moyo wake umetulia, na moyo hautulii mavunoni isipokuwa mtu ameshaambiwa jambo.

Kwa hiyo akaongeza bidii. Chakula cha mchana alikiacha kabisa. Wenzake walipokaa kula, yeye alizunguka kombaini akikagua mikanda, huku akihakikisha Hhando anamwona. Jioni, katika nyumba za wafanyakazi, alichungulia dirishani. Taa ya Hhando, jirani yake, ilikuwa imeshazimwa.

"Amelala," alisema. "Saa mbili tu. Analala kama mtoto."

"Baba Fabiola," mkewe Letisia alimjibu, "tangu mwezi uliopita nyumba hii tunalala watatu: mimi, wewe na Hhando. Na anayepata usingizi ni huyo Hhando peke yake."

"Sina utani."

"Hata mimi sina. Nenda kwa Mama Tekla akuangalie hilo tumbo."

Hakutaka kwenda. Habari ya tumbo ingemfikia meneja, na nafasi ile haipewi mtu anayejikunja. Lakini asubuhi moja maumivu yalimkamata akiwa shambani, akifikicha suke kiganjani. Alitia punje mdomoni, akaiuma, ilikuwa laini. Ngano yenye umande haivunwi, na mashine zingengoja hadi jua lipande. Aliwaambia watu wa kikosi chake kwamba anakwenda karakana kutafuta mkanda, akapita nyuma ya maghala mpaka zahanati.

Tekla, mganga wa zahanati ya shamba, alikuwa mwanamke wa umri wa mama yake, asiyependa maneno mengi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lala pale."

Alimlaza kitandani, nyuma ya pazia, akambonyeza tumbo mpaka akaguna.

"Unakula saa ngapi?"

"Nikipata nafasi."

"Unaipata lini?"

"Mavuno yakiisha."

"Na sasa hivi tumboni kuna nini?"

"Chai ya rangi." Akafikiri. "Na sigara mbili."

Tekla alimweleza bila kupandisha sauti. Tumbo hutoa asidi, chakula kiwemo kisiwemo. Mtu akilinyima chakula, akalipa chai kali, moshi na hofu kutwa nzima, asidi hiyo humchoma mwenyewe.

"Tumbo halijui kwamba unataka cheo," alisema. "Unaogopa nini?"

Isidori alitazama bati la dari. Kisha akasema yote: kutafuna, maziwa, matembezi, taa inayozimwa saa mbili.

"Angekuwa mtu wa kawaida nisingeogopa, mama. Huyu hana wasiwasi wowote."

Mikono ya Tekla ikatulia juu ya tumbo lake.

"Unamjua sana huyo Hhando?"

"Namwona kila siku."

"Sikukuuliza kama unamwona."

Akamwambia avae shati taratibu, umande bado haujakauka, kisha akatoka nyuma ya pazia kwenda kabatini kumtafutia dawa. Isidori alikuwa amefunga kifungo cha kwanza mlango ulipofunguliwa bila hodi.

"Ngoja nje," Tekla alisema upesi. "Nina mtu."

"Sikai, mama, mashine zinakaribia kuwashwa." Ilikuwa sauti ya Hhando, nyembamba, kama ya mtu aliyejishika tumbo. "Maziwa nakunywa. Sigara niliacha siku ile ile uliyonikataza. Natafuna mpaka taya zinauma, natembea, saa mbili nazima taa na kukodoa macho gizani mpaka alfajiri. Bado linawaka. Nitaponaje, mama, na Isidori yule? Mtu hali chakula, hachoki, wala haumwi popote."